Muulize alikamatwa saa ngapi

Wiki iliyopita, mahakamani hapa Dodoma, nilimsikia wakili mdogo wangu akijibu "Hatuna pingamizi, mheshimiwa" huku mteja wake akimvuta koti kwa nyuma. Maelezo ya onyo, yaani yale ambayo polisi humwandika mtuhumiwa baada ya kumwonya, yakapokelewa kama ushahidi. Jamani, wadogo zangu, hili tutalirudia mpaka lini?

1. Ukimkuta mteja mahabusu, usianze na "ulifanya?" Muulize alikamatwa saa ngapi, na maelezo yalianza kuandikwa saa ngapi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mpelelezi masaa 4 ya msingi ya mahojiano tangu mtu awekwe chini ya ulinzi. Yakiongezwa, yaongezwe kwa utaratibu. Muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi, kwa hiyo uliza na safari.

Mimi sikuuliza. Mteja wangu alikuwa kijana mbeba magunia wa soko la Kibaigwa. Alikamatwa saa moja asubuhi. Maelezo yalianza saa kumi jioni, na imeandikwa juu kabisa ya karatasi, kwa kalamu ya bluu. Faili nilikaa nalo siku tatu. Hakimu aliponiuliza, akili yangu ilikuwa kwenye maswali ya dodoso, yale ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, nikasema sina pingamizi. Yale masaa 9 nikaja kuyaona naandaa hoja za mwisho. Hakimu akanijibu kwa upole kwamba wakati wa kupinga ni kabla kielelezo hakijapokelewa. Kijana akafungwa. Mama yake alikuja na nauli ya kurudi watu wawili, kaifunga kwenye pindo la kanga. Akalifungua fundo pale nje, akatoa ya mtu mmoja, nyingine akanipa nimpelekee mwanawe.

2. Onyo linatolewa kwa lugha anayoifahamu vizuri. Mzee wa Kigogo anayeitikia "ndiyo afande" kila sentensi, mwulize kwa Kigogo alielewa nini.

3. Dhamana ya polisi haiuzwi. Waambie ndugu walioko kaunta kabla hawajaanza kuchanga.

4. Alipigwa? Anasema maneno si yake? Lisemwe kabla maelezo hayajapokelewa, mahakama ichunguze kwanza.

Na wewe mdogo wangu wa wiki iliyopita: mpelelezi bado hujamdodosa. Nenda gereza la Isanga kesho asubuhi, umuulize mteja wako alikuwa anakuvuta koti akuambie nini.