Barua kwa mwanangu: Vikombe Viwili vilipotoka kichwa chini

Mwanangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimeshatoa jozi yangu ya karata za taroti, zile za kutabiria, nikaiweka ile ya Vikombe Viwili mezani, kichwa chini kama ilivyokutokea wewe. Unaniuliza mambo mawili. La kwanza, kama kugeuka kwake ndiyo kusema wewe na mwenzako mtaachana, na hali wiki iliyopita tu amekuuliza kama uko tayari muanze maisha pamoja. La pili umelichomeka mwishoni kana kwamba ni dogo: yule simba mwenye mabawa juu ya vichwa vyao anafanya nini pale?

Nikupe jibu kwanza, maana najua usingizi umekupaa. Hapana. Karata haijasema kwamba mtaachana. Haina uwezo huo, na mtu akikuambia inao, muogope yeye kuliko karata.

Sasa iweke wima uitazame nami. Acha kwanza vitabu vinavyoeleza maana za karata. Kijana wa kiume na wa kike wamesimama wakitazamana, kila mmoja amevaa taji la majani au maua kichwani, kila mmoja ameshika kikombe chake. Mwanamume amepiga hatua mbele na kuunyoosha mkono kuelekea kwa mwenzake. Nyuma yao kuna nyumba kilimani, mbali kidogo. Nataka uone jambo ambalo wengi hulipita: hakuna aliyekwisha kunywa, wala hakuna aliyeachia kikombe chake. Mwanamke hajakitua chini ili mikono yake iwe huru kupokea cha mwanamume. Hakuna aliyepiga magoti. Vikombe viko karibu usawa mmoja, na kati yao kuna nafasi. Ukiniuliza mimi, karata nzima imo katika nafasi hiyo.

Picha hii haikuwapo tangu mwanzo. Karata za taroti zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, watu wakizichezea kama wachezavyo karata nyingine yoyote. Kuzitumia kwa kutabiri kulikuja kuenea Ufaransa baada ya miaka mia tatu hivi. Katika taroti za zamani za Marseille, mji wa Ufaransa, Vikombe Viwili ni vikombe viwili kweli, na ua limechipua kati yake. Watu hawamo. Wale vijana wawili walichorwa na Pamela Colman Smith huko London mwaka 1909, akiwa na umri wa miaka 31, kwa maagizo ya mwandishi Arthur Edward Waite. Alichora karata zote 78, na kwa rafiki yake aliandika kwamba ni kazi kubwa kwa pesa kidogo sana. Humkumbuka kila ninapozishika. Mtu hachori mikono ya namna ile kama hajawahi kuitazama mikono ya watu wanaopendana.

Na kuna jambo la lugha yetu ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Kopa, ile karata yenye mioyo tuichezayo siku zote, jina lake limetoka katika Kireno, na kwa Wareno maana yake ni vikombe. Shupaza ni panga zao, pau ni magongo, uru ni dhahabu. Hayo ndiyo makundi manne ya taroti, yamekaa vinywani mwetu bila sisi kujua. Kwa hiyo ukishika mbili ya kopa umeshika Vikombe Viwili, ila mchoraji amekuwekea moyo mahali pa kikombe.

Nije kwa simba wako. Kati ya wale vijana imesimama fimbo yenye nyoka wawili waliojiviringisha. Hiyo ni fimbo ya Hermes, mjumbe wa miungu ya Wagiriki. Hadithi moja ya kale inasema aliwakuta nyoka wawili wakipigana, akaitupa fimbo kati yao, wakaacha ugomvi na kutulia. Tangu hapo ikawa alama ya amani. Fikiria basi: kwenye karata ambayo watu huiita ya mapenzi, wamechorwa wagomvi wawili waliopatana. Mapenzi ya karata hii yanaujua ugomvi.

Kuhusu simba juu ya fimbo, Waite mwenyewe aliandika kwamba alama hiyo ni namna nyingine ya ile iliyomo katika mifano michache ya zamani, kwamba ina maana za ajabu ajabu, na kwamba hazihusiki hapo. Akapita. Kwa hiyo nikupe yangu, nawe uipokee kama ya mama yako. Kwangu simba ni kile kinachozaliwa watu wawili wanapokutana, ambacho hakikuwamo ndani ya yeyote kati yao alipokuwa peke yake. Kina mabawa, kinaweza kuwainua. Kina meno pia. Angalia kwamba hakukaa juu ya kichwa cha mwanamume wala cha mwanamke. Yuko katikati, na wote wawili wanamlisha.

Haya, sasa igeuze tena kichwa chini. Wapo wasomaji ambao hawazisomi karata zilizogeuka. Wakiipata hivyo huinyoosha na kuendelea. Mimi huzisoma, lakini kwa kutumia macho. Kikombe kikipinduliwa humwaga. Basi huuliza: ni nini hapa kinachomwagika, au ni nani ameogopa kumwaga hata akakificha kikombe mgongoni?

Na hapo, mwanangu, nikarudi kwenye barua yako. Umeandika kurasa mbili kuhusu mwenzako. Najua sasa anavyohangaika na kazi, anavyomuogopa baba yake, ndoto anazoota. Anakwambia kila kitu, nawe unamsikiliza kwa moyo wote, nami najivunia hilo. Halafu kuna mstari mmoja, chini kabisa ya ukurasa wa pili: "Sijamwambia kwamba naogopa." Ukaendelea na habari nyingine. Mimi niligota pale.

Ulidhani karata inakuonya kuhusu yeye. Mimi naona yeye kikombe chake amekwisha kukinyoosha. Chako ndicho sijakiona.

Usinielewe vibaya, sikulaumu. Wewe ulijifunza mapema kuwa mtu wa kubeba ya wenzako, na huenda mimi nilikufundisha. Lakini mtu anayesikiliza siku zote bila kusema anamwacha mwenzake peke yake, hata kama anamshika mkono. Mwenzako anakuuliza kama uko tayari, na hajui anamuuliza nani hasa.

Nikueleze lililonipata, ambalo sijawahi kukusimulia. Kabla ya baba yako kulikuwa na mtu mwingine. Nilipokuwa najiuliza kama nimkubali, nilichanga karata, nikatoa moja tu, ikatoka hii hii, wima kabisa, nzuri ya kuwekwa kwenye fremu. Nikashukuru. Na tangu siku ile nikaacha kutazama. Kila nilipoona kwamba ni mimi ninayemimina na yeye anayekunywa, nilijikumbusha karata. Miaka miwili nilimtazama mtu kupitia picha ya watu wengine. Ilipokwisha sikuwa na kosa la kuipa karata. Ilinionyesha vikombe viwili vilivyo sawa, nami sikuwahi kwenda kuvipima vyetu.

Kwa baba yako ilikuwa kinyume. Wiki tuliyogombana vibaya kuliko zote, wewe ukiwa bado mdogo, nilitoa Vikombe Vitano. Unaijua: mtu mwenye joho jeusi, ameinamia vikombe vitatu vilivyomwagika. Nililia. Kisha nikaviona vile viwili vilivyosimama nyuma yake, ambavyo yeye havioni kwa sababu amevipa mgongo. Niliinuka nikaenda chumbani, nikamwambia baba yako jambo nililokuwa nimelificha kwa mwaka mzima. Alikaa kimya muda mrefu, halafu naye akasema lake. Hatukumaliza usiku ule, ila tulianza.

Ndiyo maana siwezi kukwambia kwamba karata wima ni heri na iliyogeuka ni shari. Tena hii ni ya pili tu katika kundi lake. Ile familia yenye upinde wa mvua iko kwenye Vikombe Kumi, na kati ya mbili na kumi kuna karata saba. Mojawapo, Vikombe Vinane, ni mtu anayeondoka usiku akiviacha vikombe vyake vyote vimepangwa. Kuwa kwenye mbili ni kuwa mlangoni. Hakuna karata inayokuahidi utakachokikuta ndani.

Ninachokuomba ni hiki. Usichange tena usiku huu, wala kesho, ukitafuta karata itakayokutuliza. Ukizitoa mara nyingi kwa swali moja utaishia kuzisikiliza zile tu unazozitaka. Nenda kwa mwenzako mkiwa na muda, simu zikiwa mbali, umwambie unaogopa nini. Ukishindwa kulisema lote, sema nusu. Usilipambe, usilicheke, na usimgeuzie yeye swali kabla hujamaliza, maana nakujua. Kisha nyamaza umtazame anavyolipokea. Anaweza kuogopa naye. Hilo halina ubaya. Akilichukua akaanza kulitengeneza haraka haraka kabla hajalisikia, mwambie asubiri. Akilipuuza, hilo nalo utakuwa umelijua, na utalijua kwake mwenyewe.

Ukimaliza nipigie, hata kama ni usiku. Jibu lake litasubiri. Niambie kwanza wewe ulijisikiaje ulipokuwa unasema.

Karata nimeiacha mezani, nimeinyoosha.

Mama yako