Kukosa maneno si kukosa akili

Dada yangu, pole. Umeandika kuwa mwanao wa miaka 7 ana usonji (autism, yaani ubongo wake unakua kwa namna tofauti), hazungumzi, na mwalimu kakwambia umtoe shule kwa kuwa "haelewi kitu". Usimtoe.

Wangu ana miaka 11, hajatamka neno. Nilikata picha za kikombe, samaki, choo na ndimu, nikazibandika kwenye kipande cha boksi. Wiki ya tatu akagonga kikombe, kisha ndimu, akanitazama. Chai ya ndimu! Nililia palepale jikoni, huku Ngamiani, Tanga.

Vipimo vingi vya akili hutaka mtoto ajibu kwa mdomo. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2007 uliwapa watoto wenye usonji mafumbo ya maumbo tu, na kwa wastani wakapata alama za juu zaidi kuliko kwenye kipimo cha kawaida.

Anza na picha 4. Uliza, kisha subiri, hata dakika nzima. Usimshike mkono kumwelekezea picha, maana utakuwa unajibu wewe. Na usimzungumzie vibaya mbele yake, huenda anasikia na kuelewa.

Pale Hospitali ya Bombo, Tanga, ulizia kipimo cha masikio, ujue kama anasikia vizuri. Akianguka kifafa, au akianza kupoteza alichokijua, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke siku hiyohiyo.