Meya wa Newham huchaguliwa na wakazi, si madiwani
Ndugu, unasema meya wa Newham, halmashauri ya mashariki mwa London, huchaguliwa na madiwani. Hapana, anachaguliwa na wakazi wenyewe tangu 2002. Nilipiga kura huko 2022, nikapewa karatasi mbili: moja ya meya, nyingine ya madiwani wa kata. Mwaka huo madiwani waliongezwa kutoka 60 hadi 66 katika kata 24. Chama cha Labour kilizoa viti 64, chama cha Greens 2. Na Mei 2021 wakazi waliulizwa kwa kura ya maoni kama mfumo ubadilike, wakaamua meya wao abaki.

Ila usiuchukulie kuwa ndio mfumo wa London nzima. Hapo jirani Barking and Dagenham, meya ni wa heshima, wa kuvaa mkufu wa cheo na kuongoza vikao tu. Mwenye madaraka ni kiongozi wa halmashauri, anayechaguliwa na madiwani.