Simu ilikuwa imefungwa, hela zilitokaje?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Nina duka la vitenge huku Mbagala. Wiki mbili zilizopita nilinyakuliwa pochi nikishuka daladala Rangi Tatu. Ndani mlikuwa na simu, kitambulisho changu cha NIDA na hela kidogo ya chenji. Simu niliifunga kwa mchoro na alama ya kidole, kwa hiyo sikupaparika. Nilijua watakwenda kuiuza spea, basi. Nikarudi nyumbani, nikapika, nikalala. Kesho yake mchana ndipo nikaenda kurudisha laini. Nikakuta 640,000 zimetolewa, na juu yake wamekopa 150,000 kwa jina langu, ile mikopo ya kwenye simu. WhatsApp nayo walishaingia. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, wakaandika kwenye grupu kwamba namba ya kupokelea mchango imebadilika, wenzangu wawili wakatuma. Barua pepe sijaweza kuingia mpaka leo. Mchoro wangu haujui mtu yeyote, hata mume wangu. Waliufunguaje? Kijana wa duka la simu anataka kuniuzia programu ya kuua virusi kwa 10,000, nikubali? Na nibadilishe nenosiri kila mwezi, kama watu wanavyosema?

JIBU: Pole sana, dada. Nianze na linalokunyima usingizi: mchoro wako hawakuufungua. Hawakuuhitaji. Inawezekana mpaka leo simu yako iko kwenye droo ya fundi fulani, imefungwa vilevile ulivyoiacha. Walichofanya ni kutafuta pini, wakachomoa laini, wakaipachika kwenye simu nyingine. Kazi ya dakika moja.

Mchoro unalinda vilivyomo ndani ya simu: picha, meseji za zamani, orodha ya majina. Laini haimo. Kwa mitambo ya kampuni ya simu, palipo na laini yako ndipo ulipo wewe, hata kama laini hiyo iko kwenye kitochi cha kibaka. Na siku hizi karibu kila mlango wetu wa mtandaoni, tukisahau ufunguo, huwa unauliza swali lilelile: tukutumie tarakimu za uthibitisho kwa meseji?

Twende hatua kwa hatua. WhatsApp waliifungua upya kwenye simu yao, wakaandika namba yako, zikaja tarakimu sita kwenye laini wanayoishika mkononi, wakaziingiza. Mazungumzo ya nyuma hawakuyapata, lakini magrupu yako yalijitokeza. Wala hawakuhitaji kupeleleza cheo chako. Akiandika mwanachama mmoja tu "mweka hazina, nimeshatuma wangu", wameshajua. Barua pepe, kama ni ya Google, haikuwapa shida zaidi. Ukibonyeza kwamba umesahau hata anwani yenyewe, Google huuliza namba ya simu iliyosajiliwa na jina lako. Namba wanayo, jina wamelisoma kwenye kitambulisho. Baada ya hapo tarakimu zikaja kwa meseji, wakaweka nenosiri jipya na wewe ukabaki nje.

Hela ndiyo ilitaka kitu kimoja zaidi, yaani namba ya siri. Hapa nakuuliza, na jibu baki nalo mwenyewe: ilikuwa mwaka wako wa kuzaliwa? Itazame namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Kwa mtu anayeanza na 19860523, kibaka ana majaribio matatu hivi kabla huduma haijamfungia, na matatu hayo yanajiandika yenyewe: 1986, 2305, 0523. Namba za siri za tarakimu nne ziko 10,000. Kama yako ni ya kubahatisha kweli, anayejaribu mara tatu ana nafasi 3 kati ya 10,000. Kama ni ya kuzaliwa, anaipata akiwa bado amesimama kituoni.

Kama haikuwa hiyo, basi kuna mahali ilisikika. Nimesimama mara nyingi kwenye vibanda vya wakala nikashuhudia mteja anampa wakala simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia, eti hana miwani.

Sasa dawa. Ya kwanza ni ya bure na karibu hakuna anayeitumia: weka kufuli kwenye laini yenyewe. Laini ina namba yake ya siri, tofauti na ya simu na tofauti na ya hela. Ukiiwasha, kila laini inapohamishiwa simu nyingine, au simu ikizimwa na kuwashwa, inadai namba hiyo kabla haijashika mtandao. Kwenye Android ingia Mipangilio, tafuta Usalama, humo kuna kipengele cha kufunga SIM kadi. Kwenye simu nyingine kimefichwa chini ya "mipangilio zaidi". Kwenye iPhone kiko upande wa mtandao wa simu.

Hapo ndipo pa kwenda taratibu. Simu itakuuliza namba ya siri ya sasa ya laini, ambayo wewe hujawahi kuiweka. Ni ile iliyokuja na laini kutoka kiwandani, mara nyingi 0000 au 1234, na huandikwa kwenye kile kipande cha plastiki ulikobandua laini. Usibahatishe. Ukikosea mara tatu laini inajifunga na kudai namba ndefu ya tarakimu nane iitwayo PUK. Ukikosea PUK mara kumi, laini imekufa, ni kwenda kuchukua nyingine. Mimi mwenyewe nilijifungia laini juu ya pantoni ya Kigamboni nikimwonyesha rafiki yangu jinsi jambo hili lilivyo rahisi, na tulipofika ng'ambo nikaomba simu yake kuwapigia huduma kwa wateja wanipe PUK. Kwa hiyo kama kile kiplastiki hukioni, piga 100 kwanza, uliza namba ya siri ya kuanzia na PUK, andika kwenye karatasi, ndipo uanze. Ukimaliza kuiwasha, badilisha ile ya kiwandani uweke yako. Zima simu, iwashe. Ikikuuliza namba, umemaliza.

Kufuli hilo halizuii kila kitu. Wale wanaopita na pikipiki hukupokonya simu ikiwa sikioni, imefunguliwa, laini imeshapewa namba yake tangu asubuhi. Kwa hao Google ilileta mwaka 2024 kipengele cha Android kinachojaribu kuhisi mnyakuo, simu ikijifunga yenyewe mara inapopokonywa na mtu kukimbia nayo. Kipo kwenye simu nyingi zenye Android 10 na kuendelea, kitafute Mipangilio upande wa Google na ukiwashe. Zaidi ya hapo mimi ningekushauri jambo la kizamani kabisa: laini ya hela za duka iweke kwenye kitochi, na kitochi kisipande daladala. Kikae dukani au nyumbani. Simu kubwa ibaki na laini ya kupigia soga na vijisenti vya nauli. Wateja wangu wengine hucheka nikisema hivi, kwa sababu walitegemea mtaalamu awaambie kitu cha gharama.

WhatsApp ina kufuli la pili ambalo wewe hukuwa umeliwasha. Kwenye mipangilio yake, sehemu ya akaunti, kuna uthibitishaji wa hatua mbili. Unaweka tarakimu sita zako, na barua pepe ya akiba. Kibaka akija na laini yako, tarakimu za meseji atazipata, kisha ataulizwa na hizo zako. Asipozijua anasubirishwa siku 7, na ndani ya siku 7 wewe utakuwa umeshachukua laini mpya. Na kama wao ndio walioiwasha baada ya kuingia, usiogope: ukiingiza tarakimu za meseji tu kwenye simu yako, wao wanatolewa palepale, hata kama wewe utangoja hizo siku ndipo uanze kuandika.

Barua pepe ndiyo mama wa akaunti zote, kwa kuwa nyingine zote zikisahaulika huja kuombewa kwake. Ukishaipata (laini yako ya sasa itapokea tarakimu, na ukijaribu kwa kompyuta au simu uliyowahi kuingilia, hata ya mumeo, Google inakuamini haraka zaidi), kwanza angalia wameacha nini: barua pepe ya akiba usiyoijua, simu usiyoijua, amri ya kupeleka nakala za barua zako kwingine. Futa vyote. Kisha uthibitisho wa meseji badilisha uwe wa programu ya kutengeneza tarakimu, ile inayobadilisha namba kila sekunde 30. Hizo hutengenezwa ndani ya simu, hazipiti kwenye laini, kwa hiyo mwenye laini peke yake haambulii kitu. Google pia itakupa orodha ya misimbo 10 ya akiba, kila mmoja hutumika mara moja. Iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na hati za kiwanja na vyeti vya watoto. Usiipige picha ikakae kwenye simu ileile unayoiogopea.

Programu ya kuua virusi: hapana. Baki na 10,000 yako. Hakuna kirusi kilichoingia, laini ilitoka kwa mkono. Nenosiri kila mwezi nalo hapana. Ushauri huo ni wa zamani, na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kuupendekeza mwaka 2017, maana watu wakilazimishwa kubadilisha huishia kuongeza 1, mwezi ujao 2. Nenosiri moja refu la barua pepe, lisilotumika popote pengine, linakutosha mpaka siku utakaposikia limevuja.

Dada yangu, kilichokuumiza zaidi ya mchoro na zaidi ya kirusi ni ule usiku. Ulipika, ukalala. Sikulaumu, maana simu iliyofungwa inatia imani. Lakini dakika ile ulipotakiwa kuomba simu ya abiria mwenzako wa kampuni hiyohiyo na kupiga 100 kufungia laini, kibaka alikuwa bado anatembea. Laini ikifungwa, milango yote niliyoitaja inafungwa kwa pamoja. Benki inafuata, kama akaunti imeunganishwa na simu. Mengine, hata polisi, yanaweza kusubiri saa moja.

Kuna mlango mmoja hawakuupitia kwako ila ujue upo. Mtu anaweza kukuchukulia namba bila kugusa pochi yako, kwa kurudisha laini yako kwa ujanja kwenye kibanda cha usajili. Dalili yake ni simu kupoteza mtandao ghafla wakati jirani yako wa kampuni hiyohiyo anapiga kama kawaida. Usizime na kuwasha mara kumi, nenda kapige 100 kwa simu yake. Na wale vijana wa usajili wa barabarani wanaokwambia "kidole hakijasoma, weka tena", kila kidole cha ziada kinaweza kuwa laini nyingine kwa jina lako. Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Kwa kuwa kitambulisho chako kiko mikononi mwa vibaka, fanya hivyo leo, na urudie kila wiki kwa miezi miwili hivi. Ukiona namba usiyoitambua, nenda duka la kampuni husika ikafutwe.

Ule ujumbe wa namba mpya waliouandika kwenye grupu, pamoja na namba yenyewe, mwombe mwenzako autume kwenda 15040. Hiyo ndiyo namba ya kuripoti meseji za matapeli. Kikobani wekeni utaratibu kwamba namba ya mchango haibadiliki kwa maandishi. Anayetangaza mabadiliko apigiwe, sauti yake isikike.

Kuhusu zile 640,000, sitakupa matumaini ya bure. Hela ikishatolewa kwa wakala ni noti mfukoni mwa mtu. Lakini deni la 150,000 usilipe kimyakimya eti kuondoa usumbufu. Nenda kituoni uchukue taarifa ya upotevu yenye tarehe na saa uliyonyakuliwa. Omba kampuni ya simu wakuchapie miamala ya siku hizo mbili. Hapo itaonekana mkopo umeombwa baada ya saa ya tukio, na pengine kutoka kwenye simu ambayo si yako, maana mitambo yao huona namba ya utambulisho wa kila kifaa laini inapowekwa. Ya kwako wewe iko kwenye boksi la simu, tarakimu 15. Kama boksi ulilitupa, angalia risiti. Ambatanisha vyote na barua fupi ya kulikataa deni, ipeleke kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.