Neema, vumbi si uchafuzi wote

Mwanangu Neema,

Marahaba, mama. Unasema ulipopita nyumbani juzi uliona majani ya miembe yamerudi kuwa ya kijani, si ya kijivu kama ulipokuwa mdogo, ukaniuliza: je, kiwanda cha saruji kimeacha kuchafua?

Vumbi limepungua kweli, na hilo si jambo dogo. Unakumbuka mabati yetu yalivyokuwa na ganda ambalo hata masika hayakuliondoa? Vumbi la saruji likipata umande hushika na kuwa gumu. Lakini lile laini kabisa, usiloliona, ndilo lililonitia hofu kwa ajili yenu, maana huingia hadi ndani ya mapafu. Vichujio vya mifuko hulinasa kabla halijafika bombani, nalo hurudishwa kwenye uzalishaji. Machimbo na malori hayana kichujio. Huko dawa ni kumwagia barabara maji na kufunika mizigo kwa turubai, na wanakijiji wana haki ya kulidai hilo kila kiangazi.

Sasa lile lisiloacha alama kwenye jani. Saruji huanzia kwenye jiwe la chokaa. Husagwa pamoja na udongo, kisha huchomwa katika tanuri linalozunguka, kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Humo jiwe lenyewe hubadilika: kilo 100 za jiwe safi la chokaa hubaki kilo 56. Kilo 44 zimepanda angani zikiwa hewa ya ukaa, ile inayoongeza joto la dunia. Haina rangi wala harufu, na mfuko wa kichujio hauizuii. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kutumia gesi asilia ya Songo Songo mwaka 2004, na gesi ni safi kuliko makaa ya mawe au mafuta mazito. Hata hivyo, hewa inayotoka ndani ya jiwe iko palepale, nayo ni zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa ya kiwanda cha saruji. Duniani kote, saruji hutoa kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayosababishwa na binadamu.

Watu hunitajia kiwanda cha saruji cha Bamburi, kule Mombasa, ambako mtaalamu wake wa kilimo, René Haller, alianza mwaka 1971 kupanda mivinje kwenye machimbo makavu, akaleta na jongoo wa kuozesha majani yake. Naipenda sana kazi ile. Ila msitu ule umeponya shimo, haukuponya tanuri.

Kinachopaswa kupungua ni klinka, yale mabonge yanayotoka tanurini. Sehemu yake inaweza kuchukuliwa na majivu ya volkano, ambayo Mbeya inayo, au jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa.

Na kwa kuwa mwakani unaanza msingi wa nyumba yako, soma maandishi ya mfuko wa saruji: herufi CEM na namba yake huonyesha aina. CEM I karibu yote ni klinka. CEM II na CEM IV zimechanganywa na vitu kama hivyo. Kwa plasta na kujengea tofali, saruji ya daraja la nguvu 32.5 inatosha, nguzo na slabu aamue injinia. Zege limwagiliwe maji angalau siku 7, maana likikauka mapema hupasuka, na kubomoa ili umwage upya ni kuchoma mawe mara mbili. Nitumie ramani kabla hujanunua mfuko wa kwanza, nami nitaongea na fundi.

Baba yako