Jibu: Picha za droni kutoka na ukungu jioni

Ndugu, umeuliza kwa nini picha za droni yako hutoka na ukungu; kama za mchana zinatoka safi na za jioni ndizo zenye ukungu, usiilaumu lenzi. Ni kasi ya shata, yaani kile kifunguo cha kamera kinachofunguka na kufungwa kupitisha mwanga. Ukiiachia kamera ijipangie yenyewe, mwanga ukipungua huacha shata wazi muda mrefu, hata 1/30 ya sekunde, na droni ikiwa mwendoni kila kitu kinaburuzika. Panga mwenyewe: shata 1/200 ya sekunde au ya haraka zaidi droni ikiwa mwendoni, 1/60 ikiwa imetulia hewani bila upepo. Picha ikiwa giza, pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kutoka 100 hadi 400. Chengachenga zinazoletwa na ISO kubwa husafishika baadaye, mtikisiko ni vigumu. Halafu toa kile kichujio cheusi cha video kinachopunguza mwanga mbele ya lenzi (wengi hukisahau!). Bado? Gusa skrini, kamera ilenge upya.