Injili ya Yuda ilipimwa ikakutwa ya kale, sasa ni halisi au siyo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasikia Injili ya Yuda imepimwa maabara wakakuta sio feki, sasa mbona haimo kwenye Biblia? Na ile ya Barnaba wanayoisomaga kwenye mihadhara nayo vipi?

Jibu: Marahaba. Hapo kuna maswali mawili yamevaana. Kipimo cha kaboni kinakwambia mafunjo (karatasi za kale za matete) ni ya lini, basi, hakijui nani kaandika. Vipande vya kitabu cha Yuda vilipimwa Chuo Kikuu cha Arizona vikatoka kati ya mwaka 220 na 340, kwa hiyo ni cha kale kweli, na maandishi yenyewe huenda yametangulia hapo maana askofu Ireneo wa Lyon alishailalamikia injili ya jina hilo mwaka 180 hivi. Ila piga hesabu, Yuda alikufa lini? Humo ndani ni mawazo ya Wagnostiki (kundi la kale lililofundisha kuwa wokovu ni kwa maarifa ya siri) wa karne ya 2, na wakati huo makanisa mengi yanasoma zile nne, Mathayo, Marko, Luka na Yohana, tayari. Yaani kitabu halisi, jina la kuazima.

Na mafunjo nayo yanadanganya. 2012 Profesa Karen King wa Harvard alitoa kipande cha mafunjo hakifiki hata saizi ya kadi ya benki, Yesu anasema "mke wangu", dunia nzima ikapiga kelele. Kupima, mafunjo ya karne ya 7 hadi 9, safi kabisa! Kilichomuumbua aliyeghushi ni Kikopti chake (lugha ya kale ya Misri), maneno kayanyofoa kwenye Injili ya Tomaso na inaonekana alikopi mpaka kosa la uchapaji la toleo moja lililokuwa intaneti. 2016 King mwenyewe akakubali kuna uwezekano mkubwa ni ya kughushi.

Barnaba wala haihitaji maabara. Hati zake ni za Kiitaliano na Kihispania, inasema jubilei (mwaka mtakatifu) ni kila miaka 100 wakati Walawi 25 ni 50, hiyo 100 ni ya Papa Boniface VIII mwaka 1300, kwa hiyo aliyeandika aliishi baada ya hapo. Halafu Yesu anapanda chombo anasafiri ziwani mpaka Nazareti, mji uko vilimani huko (nilicheka peke yangu siku hiyo).

Ukitaka ya kuumiza kichwa kweli soma Tomaso, misemo 114, vipande vyake vya Kigiriki kutoka Oxyrhynchus kule Misri ni vya miaka ya 200, na mpaka leo tunabishana kama humo kuna neno la Yesu ambalo zile nne hazina.